Kikohozi cha Kilebu Huanzia Safarini

Wahenga walinena kuwa safari ni hatua. Kwa kilebu wa majuma matano au sita anayetwaliwa kutoka ubavuni mwa mamaye, akatiwa katika katoni na kupakiwa kwenye buti ya basi, hatua hiyo ya kwanza mara nyingi ndiyo inayomwelekeza kaburini. Biashara ya vilebu imeota mizizi mijini mwetu. Kandokando ya barabara kadhaa za Nairobi, wachuuzi huonekana wakiwa wamewapakata vilebu wawili watatu, wakiwainua hadi kwenye madirisha ya magari yaliyokwama katika msongamano. Wengine huuzwa kwa picha ya simu tu: bei hupatanwa, fedha hutumwa, na kiumbe hai husafirishwa kutoka kaunti moja hadi nyingine kama kifurushi cha nguo. Mnunuzi humpokea mnyama mchangamfu mwenye macho maangavu, watoto hushangilia na jina hutafutwa. Halafu, baada ya siku tano, saba au kumi, kikohozi huanza.

Yanayofuata yanafahamika katika nyumba nyingi. Kwanza husemwa kwamba ni baridi tu. Kisha hununuliwa dawa yoyote iliyo karibu. Kilebu huacha kula, pua hujaa kamasi, pumzi huwa za kuhema, na mwishowe watoto wa nyumba hiyo hushuhudia mauti, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mzazi huwaliwaza kwa kusema kuwa kilebu yule hakuwa na bahati. Muuzaji naye, akipigiwa simu, huapa kwamba mnyama alitoka kwake akiwa mzima. Ajabu ni kwamba huenda anasema kweli, nami nitaeleza hivi punde kwa nini ukweli huo hautufai kitu.

Hoja ya makala haya ni kwamba bahati haihusiki hata chembe. Magonjwa ya mfumo wa kupumua yanayowamaliza vilebu waliosafirishwa ni tokeo la maamuzi matatu ya binadamu: kuwatenga na mama zao wakiwa wachanga mno, kuwachanganya na wanyama ambao hali zao hazijulikani, na kuwauza kwa pupa kabla maradhi hayajapata muda wa kujitokeza. Maadamu haya ni maamuzi wala si majaliwa, yanaweza kubadilishwa.

Yafaa kwanza tumfahamu adui mwenyewe. Kile ambacho watu wengi hukiita kikohozi cha mbwa si ugonjwa mmoja bali ni kundi la maradhi. Miongoni mwa visababishi vyake ni bakteria aitwaye bordetela, virusi vya parainfluenza ya mbwa, na adenovirusi ya aina ya pili. Mara nyingi visababishi hivi hushirikiana: virusi hutangulia kuujeruhi utando wa njia ya hewa, kisha bakteria huingia kama mwizi aliyekuta mlango umekwisha kuvunjwa. Mbwa mkubwa mwenye afya atakohoa kikohozi kikavu, mithili ya mtu aliyekwamwa na mfupa kooni, kwa juma moja au mawili, kisha apone. Kilebu hana nguvu hizo. Kwake yeye, maradhi yale yale huweza kuteremka hadi mapafuni na kuwa nimonia.

Juu ya hayo kuna distempa, ugonjwa unaotisha kuliko hayo yote. Virusi vyake ni jamaa wa karibu wa virusi vya surua ya binadamu. Huanza kwa homa, tongotongo na kamasi nzito, kikafuata kikohozi na kuhara. Majuma kadhaa baadaye, baadhi ya vilebu waliodhaniwa kuwa wamepona huanza kutetemeka na kuangushwa na kifafa, kwa kuwa virusi vimekwisha kufika ubongoni. Hakuna dawa inayoviua virusi hivyo. Tabibu hufanya kazi ya kumtegemeza mgonjwa ili mwili wake ujipiganie wenyewe, na mara nyingi mwili wa kilebu hushindwa. Chanjo ipo, tena ni madhubuti. Lakini kama tutakavyoona, chanjo isiyopewa kwa wakati wake ni sawa na mwavuli uliofunguliwa baada ya mvua.

Kwa nini basi vilebu ndio wanaoathirika zaidi? Jibu limo katika maziwa. Katika siku ya kwanza ya uhai wake, kilebu hupokea kingamwili kutoka kwa mama kupitia dang'a. Mama aliyechanjwa au aliyewahi kuugua akapona huwa na kingamwili nyingi za kuwagawia wanawe. Mama asiyekuwa nazo hawezi kuwapa asichokuwa nacho. Hata hivyo, kinga hiyo ni ya kuazima. Hupungua juma baada ya juma na kumalizika kati ya juma la 6 na la 16, kila kilebu kwa wakati wake. Hapa ndipo palipo na utata. Kingamwili za mama zikiwa nyingi, huizima chanjo kabla haijaufunza mwili chochote. Zikiwa chache, haziwezi tena kuuzuia ugonjwa wenyewe. Katikati kuna kipindi cha hatari ambapo kilebu hana ngao ya mama wala hajaipata yake mwenyewe.

Ndiyo sababu matabibu wa wanyama huanza kuchanja katika juma la 6 hadi la 8, wakarudia kila baada ya majuma mawili hadi manne, mpaka kilebu atimize majuma 16 au kupita. Urudiaji huo si njama ya kumtoza mwenye mbwa fedha, kama wanavyolalamika baadhi ya watu. Ni njia ya kuhakikisha kwamba angalau sindano moja inafika baada ya kinga ya mama kwisha. Kwa hiyo, mwuzaji anayemwambia mteja kuwa kilebu wa majuma saba "amekwisha kuchanjwa" huwa amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoua. Tena tazama kinaya kilichopo: majuma ambayo kilebu hupendeza macho zaidi, akawa kama mpira wa sufi na kununuliwa upesi, ndiyo majuma yale yale ambayo mwili wake uko wazi kabisa kwa maradhi.

Sasa mwongezee kilebu huyo safari. Kutengwa na mama na ndugu, kelele za injini, giza, kiu na mtikisiko humtia hofu, na hofu humfanya atoe kwa wingi homoni ya kotisoli ambayo, ikidumu, huudhoofisha ulinzi wa mwili. Fauka ya hayo, njia ya hewa ya mnyama, kama ilivyo ya binadamu, imetandazwa vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kufagia kamasi, vumbi na vijidudu kuelekea nje, usiku na mchana. Bordetela hushikamana na vinywele hivyo na kuvipooza. Moshi wa magari huviharibu pia, na vivyo hivyo hewa kali ya amonia itokayo kwenye mkojo uliolowa ndani ya katoni isiyopitisha hewa. Kwa hiyo, kilebu aliyefungiwa karibu na injini kwa saa nane, akilalia mkojo wake mwenyewe, huwasili akiwa amenyang'anywa ufagio wake wa kujisafishia. Anayemsafirisha namna hiyo huwa hajampa ugonjwa kwa mkono wake, lakini amewafungulia njia wale watakaomshambulia.

Jambo la pili ni mchanganyiko. Wachuuzi wengi hawafugi mbwa wazaao. Hukusanya vilebu kutoka boma hili na lile, wakawaweka pamoja katika banda au sanduku moja. Hebu mwalimu wa hisabati awape wanafunzi wake zoezi hili. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika kila maboma kumi, moja lina kilebu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Anayenunua moja kwa moja kutoka boma moja ana uwezekano wa asilimia 10 wa kukutana na ugonjwa. Lakini mchuuzi akiwachanganya vilebu kutoka maboma sita, uwezekano wa kutokuwapo mgonjwa hata mmoja ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara sita, yaani takriban 0.53. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya masanduku yake yatakuwa na mgonjwa ndani, na hewa ya sanduku ni moja. Maboma hayakuzidi kuwa na ugonjwa. Kilichoongeza hatari ni kule kukusanya peke yake.

Jambo la tatu ni haraka, nalo ndilo linalotatua kitendawili cha muuzaji mkweli. Kila ugonjwa una muda wake wa kujificha mwilini kabla ya dalili kuonekana. Mafua ya mbwa hujificha siku mbili hadi nne. Kikohozi cha mbwa huchukua siku mbili hadi kumi na nne. Distempa huchukua juma moja au mawili, na wakati mwingine zaidi. Mchuuzi anayemkaa kilebu kwa siku mbili na kumuuza siku ya tatu anaweza kuapa mbele ya hakimu kwamba alikuwa mzima, na asiseme uongo. Alikuwa mzima wa kutazamwa. Ndiyo maana hatuwezi kuutegemea ukweli wake. Soko limepangwa kwa namna ambayo ugonjwa hudhihirika daima katika nyumba ya mnunuzi, na hasara hubebwa na yule ambaye hakuamua lolote kuhusu umri, sanduku wala safari. Maadamu anayefanya maamuzi mabaya halipii matokeo yake, hana sababu ya kuyabadilisha.

Janga hili si letu peke yetu. Mwaka wa 2015, mafua ya mbwa ya aina ya H3N2, ambayo hapo awali yalijulikana barani Asia, yalizuka katika jiji la Chicago nchini Marekani na kuwaambukiza mbwa zaidi ya 1,000 katika eneo hilo. Yalienea upesi katika sehemu ambazo mbwa wengi hukutanishwa, kama vile mabanda ya kulazia mbwa wa wasafiri. Mnamo Januari 2018, aina hiyo hiyo ilitambuliwa katika mkoa wa Ontario nchini Kanada kwa mbwa waliokuwa wametoka tu kuletwa kutoka Korea Kusini. Mwaka wa 2023, maafisa wa jimbo la Oregon nchini Marekani walipokea taarifa za mbwa zaidi ya 200 waliougua magonjwa ya kupumua yaliyowatatiza matabibu. Penye fedha nyingi na maabara za kisasa pia, safari na mkusanyiko huwasumbua watu. Sembuse sisi ambao wengi wetu hatujui hata daktari wa wanyama wa karibu nasi anapatikana wapi.

Tofauti ni kwamba wenzetu wameamua kutunga kanuni. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2005 kuhusu usafirishaji wa wanyama inawahesabu mbwa walio chini ya majuma manane kuwa hawafai kusafirishwa, isipokuwa wakifuatana na mama yao. Nchini Uingereza kuna sheria iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2020, iliyopewa jina la mbwa mmoja aitwaye Lucy aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalishia vilebu mwaka wa 2013. Sheria hiyo, inayotumika katika eneo la England, inawakataza madalali kuuza vilebu walio chini ya miezi sita. Mnunuzi sharti aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone kilebu pamoja na mamaye, au amchukue kutoka makao ya kuwaokoa wanyama. Marekani nayo, kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, haimruhusu mbwa yeyote kuingia nchini humo kabla hajatimiza miezi sita. Sababu kuu ya Marekani ilikuwa kichaa cha mbwa, lakini tazama jinsi kanuni zote hizo zinavyoyagusa yale maamuzi matatu: umri, mchanganyiko na haraka.

Huenda msomaji akauliza: je, katika nchi yenye shule zisizo na madawati, inafaa tushughulike na kikohozi cha kijibwa? Swali hilo ni halali, nami ninalijibu kwa kuelekeza macho mbugani. Kati ya mwaka wa 1993 na 1994, distempa iliingia kwa simba wa Serengeti nchini Tanzania. Takriban theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, karibu simba 1,000, waliangamia, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Wanasayansi waliwashuku mbwa wa kufugwa wa vijiji vilivyopakana na mbuga kuwa ndio chimbuko, na kampeni za kuwachanja mbwa hao zikaanzishwa. Mwaka wa 2017, distempa ilizuka katika Laikipia, hapa kwetu, na kuwafyeka mbwa mwitu ambao tayari ni miongoni mwa wanyama wanaokabiliwa na hatari kubwa ya kutoweka barani Afrika. Sisemi kwamba majanga hayo yaliletwa na kilebu wa katoni. Ninachosema ni kwamba virusi havijui mpaka wa kaunti wala ua wa mbuga, na kila kilebu asiyechanjwa anayesafirishwa kutoka mjini hadi mashambani, au kinyume chake, anaweza kuvibeba hadi mahali ambapo havikuwako. Taifa linalotegemea utalii halina anasa ya kuudharau ugonjwa wa mbwa.

Sheria tunazo, ila zimelala. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamfanya kuwa mkosaji mtu anayembeba au kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa pasipo sababu. Sheria hiyo ingetosha kumzuia makanga asimpakie kilebu katika buti pamoja na mitungi na mizigo ya kabeji, lau kungekuwa na mtu wa kuitekeleza. Aidha, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti majukumu ya kudhibiti magonjwa ya wanyama na kusimamia maslahi ya wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hivyo hakuna haja ya kungoja Bunge. Bunge lolote la kaunti linaweza kuamuru leo kwamba kilebu asiuzwe wala kusafirishwa bila mama kabla ya majuma manane. Kwamba auzwe na kadi inayoonyesha tarehe za chanjo pamoja na sahihi ya tabibu aliyesajiliwa. Na kwamba mwuzaji anayewakusanya vilebu kutoka maboma mbalimbali awaweke siku kumi na nne kabla ya kuwauza. Siku hizo kumi na nne ndizo zitakazourudisha mzigo wa hasara kwa yule anayefanya maamuzi.

Nimewahi kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mbwa wetu wa kienyeji ni wagumu, hawaugui. Madai haya yana kasoro ya kimantiki ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuitambua. Tunaowaona wakizurura vijijini ni wale waliosalimika; waliokufa wakiwa wachanga hatuwaoni, kwa hivyo hatuwahesabu. Kuwatazama walio hai na kusema kuwa wote ni wagumu ni sawa na kuwahesabu waliofaulu mtihani peke yao, kisha kutangaza kuwa shule haina aliyeanguka. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mchuuzi ni mtu maskini anayetafuta riziki, na kumwekea masharti ni kumnyima mkate. Siipuuzi hoja hii. Hata hivyo, mchuuzi anayepoteza vilebu wawili kati ya watano njiani hapati riziki. Anakula mtaji wake. Akimweka kilebu na mamaye hadi juma la nane, gharama kubwa ya ulishaji inabebwa kwa sehemu na maziwa ya mama, na kilebu aliye na kadi ya chanjo huuzika kwa bei ya juu. Kaunti zikitoa chanjo kwa bei nafuu katika siku zile zile zinapochanja dhidi ya kichaa cha mbwa, mzigo utapungua zaidi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Wakati tukiingojea serikali, mnunuzi hana budi kujilinda. Kwanza, aende mwenyewe kwenye boma alikozaliwa kilebu, amwone mama na ndugu zake. Mama mwenye tongotongo, aliyekonda na kukohoa, ni barua iliyo wazi kuhusu afya ya wanawe. Pili, asimchukue kilebu kabla ya majuma manane, na aikague kadi ya chanjo, tarehe kwa tarehe. Tatu, azungumze na tabibu kabla ya safari. Ipo chanjo ya bordetela na parainfluenza inayotiwa puani kwa matone, ambayo huanza kukinga katika muda wa siku chache, na hivyo hufaa ikitolewa kabla ya kilebu kuchanganyika na wengine.

Siku ya safari, kilebu asafirishwe asubuhi au jioni kunapokuwa na ubaridi kiasi, ndani ya kizimba chenye matundu ya kupitisha hewa na kitambaa cha kufyonza mkojo kinachobadilishwa kila kinapolowa. Apewe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, na maji kila gari linaposimama. Akae pamoja na abiria, mbali na moshi, wala asichanganywe na vilebu wa wenyewe wengine. Kitambaa chenye harufu ya mamaye kikiwekwa kizimbani humpunguzia hofu.

Baada ya kuwasili, kilebu atengwe na mbwa wengine wa nyumbani kwa siku kumi na nne, katika chumba chake, akiwa na bakuli zake na malazi yake. Anayewahudumia wanyama awaanze wale wa zamani na kummalizia mgeni, kisha anawe mikono kwa sabuni na kubadilisha viatu. Utaratibu huu haugharimu chochote isipokuwa nidhamu. Virusi vya distempa haviwezi kustahimili sabuni, joto na ukavu. Kuosha sakafu na kuanika malazi juani ni kinga ya kweli. Chumba kiwe na joto la kutosha lakini kisizibwe madirisha, kwani hewa iliyotuama ni rafiki wa kikohozi. Tabibu akishuku kwamba ni mafua ya mbwa, muda wa kutengwa unaweza kurefushwa hadi siku ishirini na nane.

Dalili nazo zisipuuzwe. Kilebu anayekohoa lakini bado anakula na kucheza aonyeshwe tabibu kwa wakati unaofaa. Anayekataa chakula, anayepumua kwa kasi ilhali amepumzika, mwenye kamasi ya manjano au ya kijani, au ambaye joto la mwili wake limezidi nyuzi 39.5 za Selsiasi, apelekwe siku iyo hiyo, kwa maana nimonia haingoji kesho. La muhimu zaidi, asipewe dawa za binadamu. Ibuprofeni ni sumu kwa mbwa, na paracetamol inaweza kumdhuru vibaya. Vidonge vya antibiotiki vinavyonunuliwa dukani pasipo ushauri haviui virusi hata kimoja, ila huwafunza bakteria kuzizoea dawa ambazo kesho zitahitajiwa na mtoto wa binadamu.

Kwa walimu na wanafunzi, somo hili lina upande mwingine ambao haufai kusahaulika. Katika miaka ya 1920 nchini Uingereza, wapenzi wa mbwa walichanga fedha ili distempa ichunguzwe. Patrick Laidlaw na George Dunkin walifanya utafiti huo Mill Hill, London, wakitumia wanyama wa jamii ya kicheche ambao huupata ugonjwa huo kwa urahisi, na kufikia mwisho wa muongo huo walikuwa wamepata chanjo. Mwaka wa 1933, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Laidlaw huyo huyo waliwatumia wanyama wa aina ile ile kuvitambua, kwa mara ya kwanza, virusi vya homa ya mafua ya binadamu. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya vilebu zikawa zimefungua mlango wa chanjo inayowaokoa watu hadi leo. Anayesema kwamba utafiti wa magonjwa ya mbwa ni upotezaji wa wakati hajaisoma historia ya tiba. Vilabu vya sayansi na vya wakulima chipukizi shuleni vinaweza kuanza na jambo dogo: kuhesabu mbwa walio katika maboma ya jirani, kuuliza ni wangapi wamechanjwa, na kuipeleka orodha hiyo kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Takwimu zilizokusanywa kwa uaminifu na wanafunzi zaweza kumwamsha afisa ambaye malalamiko hayajamwamsha.

Mbwa hulinda maboma yetu usiku tukiwa tumelala, hatulipi mshahara wala kiinua mgongo. Anachohitaji mwanzoni mwa maisha yake ni majuma manane na mamaye, sindano zinazofika kwa wakati, safari isiyo ya mateso, na siku kumi na nne za subira anapowasili. Mambo hayo manne hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo wala tume ya uchunguzi. Kaunti itakayotangulia kuyaandika katika sheria ndogo zake, na kumpa afisa wake wa mifugo pikipiki na idhini ya kukagua buti za mabasi, itakuwa imewaokoa vilebu wengi, na pengine simba kadhaa pamoja nao. Na mzazi anayepanga kuwanunulia wanawe kilebu likizo ijayo, aulize swali moja tu kabla ya kuitoa pochi yake: mama yake yuko wapi? Asipojibiwa, na aende zake.